Nguo za mwanzi kwa uwindaji wa wakati wa joto

Nguo za mwanzi ni mavazi yanayoshonwa kwa kitambaa ambacho malighafi yake ya kwanza ni mmea wa mwanzi. Huuzwa hasa kama fulana, vesti, soksi, nguo za ndani na mashati mepesi. Wauzaji huzisifu kuwa ni laini, zinanyonya jasho na hazipati joto, na kwa sababu hiyo hutangazwa pia kwa watu wanaotembea porini mchana: wawindaji, askari wa wanyamapori, wafuata nyayo na wapagazi.

Makala hii inahusu uchaguzi wa nguo hizo kwa uwindaji halali katika nyanda kavu za kati za Tanzania. Mfano wake ni mtu anayeanzia safari Nzuguni, kata ya Jiji la Dodoma iliyo mashariki ya katikati ya mji, kwenye barabara ya kwenda Morogoro. Hapo ndipo vilipo viwanja vya maonesho ya Nanenane, stendi kuu ya mabasi na Soko Kuu la Job Ndugai. Mtu huyo anaelekea kwenye mapori ya Kondoa, Chemba au Manyoni, na swali lake ni rahisi: je, fulana ya mwanzi itamfaa kuliko shati lake la pamba? Kwa kifupi, inafaa ikivaliwa ndani, haifai ikiwa vazi la nje, na mengi yanayosemwa juu yake hayatokani na mwanzi.

Mwanzi unavyokuwa kitambaa

Kwa Watanzania wengi mwanzi ni kitu kigumu. Ni fito za kujengea, ni matenga ya nyanya, na huko Iringa na Njombe ni mmea unaogemwa ulanzi, pombe inayotoka kwenye machipukizi yaliyokatwa ncha wakati wa mvua. Mtu aliyezoea mwanzi wa namna hiyo ana haki ya kuuliza jinsi fito inavyogeuka kuwa fulana laini kuliko pamba. Jibu ni kwamba haigeuki. Huyeyushwa.

Ukuta wa seli za mimea umejengwa kwa selulosi, dutu ileile inayounda sehemu kubwa ya pamba, karatasi na kuni. Kiwandani mashina ya mwanzi hukatwakatwa na kupikwa kwa kemikali mpaka ibaki rojo nyeupe ya selulosi. Rojo hiyo huloweshwa katika sodiamu haidroksidi, kisha huchanganywa na kaboni disulfidi ikawa kimiminika kizito chenye mnato kama asali. Kimiminika hicho husukumwa kupitia vitundu vidogo sana na kuingia ndani ya asidi ya sulfuriki. Hapo selulosi huganda tena, safari hii ikiwa nyuzi ndefu na laini zinazoweza kusokotwa na kufumwa.

Utaratibu huu haukubuniwa kwa ajili ya mwanzi. Ulipewa hataza huko Uingereza mwaka 1892 na wanakemia Charles Cross, Edward Bevan na Clayton Beadle, na kwa miaka mingi malighafi yake kuu imekuwa miti. Kitambaa chake huitwa viskosi, nacho ni aina ya reyoni. Nyuzi zikishatoka kwenye asidi, viskosi ya mwanzi na viskosi ya mkaratusi ni dutu moja. Ni vigumu hata kwa maabara kuonyesha kwamba nyuzi fulani zilianza maisha yake zikiwa mwanzi.

Mwanzi unaotumika zaidi viwandani ni ule unaoitwa moso (Phyllostachys edulis), mmea mkubwa wa China. Mwanzi wa ulanzi (Oxytenanthera abyssinica) ni spishi nyingine. Msomaji asidhani basi kwamba fulana anayoiona dukani Dodoma ina uhusiano wowote na mashamba ya Njombe.

Kuna njia nyingine mbili za kutengeneza kitambaa cha mwanzi. Ya kwanza ni layoseli, ambamo selulosi huyeyushwa kwa kiyeyushi ambacho karibu chote hukusanywa na kutumika tena. Nyuzi zake ni imara zaidi zikilowa kuliko za viskosi ya kawaida. Ya pili ni kuponda shina na kulilegeza kwa vimeng'enya, kisha kuchana nyuzi zake kama inavyofanywa kwa katani au kitani. Kitambaa cha njia hii ya pili ndicho kinachostahili kuitwa mwanzi bila maelezo, lakini ni kigumu kidogo, ni ghali na ni adimu. Fulana laini yenye kung'aa kidogo haikutengenezwa hivyo.

Kaboni disulfidi ni sumu. Imejulikana tangu karne ya 19, ilipotumika katika viwanda vya mpira, kwamba mvuke wake hudhuru neva na akili za wafanyakazi. Baadaye ilionekana kuwa hudhuru pia moyo. Haibaki kwenye nguo kwa kiasi cha kumdhuru mvaaji. Hata hivyo, mwanzi kukua haraka bila mbolea nyingi hakutoshi kukiita kitambaa chake rafiki wa mazingira, kwa kuwa inategemea kiwanda kinafanya nini na kemikali zake.

Jina kwenye lebo

Nchini Marekani suala la jina limefika mahakamani mara kadhaa. Tume ya Biashara ya Shirikisho (FTC) inataka kitambaa cha namna hii kiitwe reyoni au viskosi iliyotengenezwa kutokana na mwanzi, si "mwanzi" peke yake. Mwaka 2009 ilizishtaki kampuni kadhaa kwa kutofanya hivyo, na mwanzoni mwa 2010 ikawaandikia barua za onyo wauzaji 78. Mwaka 2013 kampuni za Amazon, Macy's, Sears na Leon Max zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 1.26. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Walmart na Kohl's, ambazo kwa pamoja zilikubali kulipa dola milioni 5.5. Katika Umoja wa Ulaya kanuni namba 1007 ya mwaka 2011 inaorodhesha majina yanayoruhusiwa ya nyuzi, na kitambaa hiki huangukia chini ya jina viskosi.

Kesi hizi zinamhusu mnunuzi wa Dodoma kwa sababu nguo hizohizo ndizo zinazofika huku, mpya kupitia maduka na mitandao, au kuukuu ndani ya mabelo ya mitumba. Lebo iliyoshonwa ndani ya shingo au ubavuni ina habari kuliko kadi inayoning'inia nje. Mnunuzi atafute hapo maneno viscose, rayon au lyocell pamoja na asilimia zake. Mara nyingi atakuta mchanganyiko: sehemu kubwa ya viskosi, pamba kidogo, na asilimia chache za elastani ili nguo ivutike. Akikuta poliesta imezidi nusu, hiyo ni nguo ya poliesta hata kama picha ya jani la mwanzi imechapwa kifuani.

Dai la pili linalostahili kutiliwa shaka ni la kuua vijidudu. Mmea wa mwanzi una dutu zinazozuia baadhi ya bakteria, lakini dutu hizo haziwezi kutarajiwa kuokoka kwenye soda kali na asidi. FTC ilizipinga kampuni zilizodai kwamba sifa hiyo inabaki kwenye kitambaa. Ni kweli kwamba fulana ya viskosi hunuka polepole kuliko ya poliesta, kwa sababu poliesta hushika mafuta ya mwili na harufu yake. Lakini pamba nayo ina sifa hiyohiyo.

Joto la nyanda za kati

Jiji la Dodoma liko kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni kidogo, kwa kawaida chini ya milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni mikavu na yenye upepo. Msimu wa uwindaji wa kitalii nchini huanza tarehe 1 Julai, wakati ambapo alfajiri ya Dodoma ni ya baridi, nyuzijoto 13 au 14 hivi, na watu wa Nzuguni huonekana wamejifunika mablanketi stendi. Kufikia Oktoba na Novemba joto la mchana hupita nyuzi 30, na chini ya jua wazi mwili huhisi zaidi ya hapo.

Mwili wa mtu anayetembea hupunguza joto hasa kwa jasho kukauka. Si jasho kutoka. Ni jasho kukauka. Lita moja ya jasho inapogeuka mvuke juu ya ngozi huondoa joto la takriban kilojuli 2,400. Jasho linalodondoka chini bila kukauka halikupoza chochote, na mwili umepoteza maji bure.

Hapa ndipo hewa ya Dodoma inapotofautiana na ya pwani. Katika Saadani au bonde la Rufiji hewa imejaa unyevu, jasho hukauka polepole, na kitambaa kinachokunywa maji mengi hugandamana na mgongo na kubaki hivyo. Katika Bahi au Manyoni mwezi Oktoba hewa ni kavu kiasi kwamba jasho hutoweka kabla halijaonekana. Mtu anaweza kutembea saa tatu na shati lake likabaki kavu, akadhani hatoki jasho. Ushahidi ni michirizi myeupe ya chumvi mgongoni na kwapani. Wageni kutoka pwani hudanganyika zaidi kwa jambo hili: hawahisi kulowa, hawanywi maji, na kichwa kinapoanza kuwagonga wanalaumu jua.

Viskosi hunyonya unyevu vizuri. Katika hewa ya kawaida ya maabara nyuzi zake hushika maji yapatayo asilimia 11 hadi 13 ya uzito wake. Pamba hushika asilimia 7 au 8, na poliesta chini ya nusu ya asilimia moja. Viskosi pia hukauka polepole kuliko poliesta. Pwani hiyo ni kasoro. Kwenye hewa kavu inaweza kuwa faida, kwa sababu fulana hushika jasho na kuliachia kidogo kidogo karibu na ngozi, na ubaridi wake hudumu. Anayepumzika kivulini akiwa na fulana nyepesi yenye unyevu huku upepo wa Dodoma unavuma huhisi tofauti mara moja.

Faida hiyo hugeuka jua linapozama. Fulana iliyolowa inayoendelea kukauka usiku au kabla ya mapambazuko itampoza mtu anayetaka joto. Kwa hiyo fulana ya mwanzi huenda mbili: moja ya kutembelea na moja kavu ya kulalia. Ikiwa pesa inatosha moja tu, ya pili iwe fulana yoyote ya pamba iliyopo nyumbani.

Mkao wa nguo una uzito kuliko jina la nyuzi. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa watu waliotaka kujua kwa nini Mabedui huvaa majoho meusi jangwani. Walikuta kwamba joho jeusi lilipata joto zaidi kuliko jeupe, lakini joto lililofika kwenye ngozi lilikuwa sawa, kwa kuwa hewa ilipita kati ya joho na mwili na kulibeba joto la ziada. Kanzu ya Mwomani na ya Mswahili wa Pwani hufanya kazi kwa kanuni hiyo. Nguo nyingi za mwanzi, kinyume chake, hushonwa za kubana kwa sababu kitambaa kinavutika na huonekana kizuri kikiwa kimekaza. Mwindaji achague saizi moja juu ya ile anayovaa mjini.

Hata saa ina nguvu kuliko nguo. Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi ni wawindaji wa miguu mpaka leo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta wanaume wao wakitembea wastani wa zaidi ya kilomita 11 kwa siku. Hawafanyi hivyo kwa kitambaa maalumu; hutoka mapema, hukaa kivulini mchana na kuamka tena jua likipungua. Wasandawe wa Chemba na Kondoa, ambao nao walikuwa wawindaji mashuhuri, wanaishi katika nchi yenye jua hilohilo. Kizunguzungu, kichefuchefu, kuumwa kichwa na kukauka kwa mkojo ni dalili za mwili kushindwa na joto. Mtu akianza kuchanganyikiwa au kuzimia ni dharura: awekwe kivulini, avuliwe nguo za nje, amwagiwe maji na kupepewa, na apelekwe hospitali. Hakuna fulana inayozuia hali hiyo kwa mtu anayetembea saa saba mchana bila maji.

Miiba, jua na mbung'o

Mapori ya kati si nyasi fupi. Manyoni kuna vichaka vizito vya Itigi ambavyo mtu hupita kwa kujipenyeza, na kwingine migunga yenye miiba iliyopinda hushika nguo na kutoachia. Viskosi haiwezi kazi hiyo. Nyuzi zake hupoteza karibu nusu ya nguvu zake zikilowa, na kitambaa cha fulana, kwa kuwa kimefumwa kwa vitanzi, huvutwa uzi mmoja na mwiba mmoja kikatoboka mstari mzima. Suruali ya mwanzi porini ni pesa iliyotupwa. Shati la mwanzi linaweza kudumu zaidi ikiwa limefumwa kwa nyuzi zinazopishana kama kitambaa cha shuka, lakini hata hilo si la kupenyeza vichakani.

Juu ya fulana ya mwanzi, basi, livaliwe shati la pamba la mikono mirefu, na chini suruali ya kaki. Kitambaa cha kaki, yaani pamba iliyofumwa kwa mistari ya mshazari, kimevaliwa na wawindaji na askari wa wanyamapori wa Afrika Mashariki tangu enzi za ukoloni, na bado hakijapata mshindani wa maana kwa bei yake. Mshono wake wa mifuko minne uliingia hata ofisini: suti ya Kaunda ni ndugu wa karibu wa koti la porini. Fundi cherehani yeyote wa Dodoma anaweza kushona shati pana la kaki lenye matundu ya hewa chini ya kwapa, na mara nyingi litatoka bora kuliko la dukani lenye jina kubwa.

Kuhusu jua, wauzaji husema kitambaa cha mwanzi huzuia mionzi ya urujuanimno kwa asili yake. Si sifa ya kutegemea. Kinachozuia mionzi ni msongamano wa nyuzi, unene, rangi na dawa zilizotiwa kiwandani. Fulana nyembamba ya rangi nyeupe hupitisha mionzi mingi, na ikilowa hupitisha zaidi. Kipimo cha kuaminika ni alama ya UPF kwenye lebo: UPF 50 inamaanisha kwamba ni sehemu moja tu kati ya 50 ya mionzi inayopita. Kwa kuwa nguvu ya mionzi huongezeka kadiri kimo kinavyoongezeka, ubaridi wa upepo wa Dodoma haupunguzi hatari yake. Watu wenye ualbino, wawe wawindaji, wachungaji au wafuga nyuki, wasitegemee fulana ya mwanzi isiyo na alama hiyo. Shati zito la pamba, kofia pana na mafuta ya kukinga jua ndivyo vya kutumaini.

Kisha kuna mbung'o. Nzi huyu, anayeeneza malale kwa watu na nagana kwa mifugo, hupatikana katika mapori mengi ya Tanzania. Huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo mbili. Anayevaa fulana ya buluu iliyokoza porini amejigeuza mtego. Tena mbung'o huuma kupitia kitambaa chembamba, na fulana ya mwanzi inayoshika mwili ni njia nyepesi kwake. Shati pana la juu humweka mbali na ngozi. Dawa ya kufukuza wadudu inayopakwa mwilini humzuia kidogo tu.

Rangi na sheria

Nguo za kuwindia zinazouzwa nje ya nchi, za mwanzi zikiwemo, mara nyingi huwa na mabaka ya kijani, kahawia na nyeusi kama sare za jeshi. Tanzania, hizo zisinunuliwe kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taifa, Sura ya 192, inakataza raia kuvaa sare za jeshi au mavazi yanayofanana nazo, na mwezi Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilitoa siku saba kwa raia wenye mavazi ya aina hiyo kuyasalimisha. Kwamba fulana ilinunuliwa duka la michezo ughaibuni, au ilitoka kwenye belo la mitumba, si utetezi. Mtalii anayekuja kuwinda ni vema aambiwe jambo hili kabla hajafunga mizigo.

Mabaka hayo wala hayahitajiki sana. Wanyama wenye kwato, swala na nyati wakiwemo, wana aina mbili tu za seli za kutambua rangi, wakati binadamu ana tatu. Hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani, lakini buluu wanaiona vizuri. Kaki, kahawia ya udongo na kijani cha majani makavu hutosha, na mnyama hushtushwa zaidi na mwendo, harufu na sauti. Hapa fulana ya mwanzi inapata alama zake: ni kimya. Kitambaa cha nailoni hukwaruza kila tawi likikigusa. Viskosi na pamba iliyofuliwa mara nyingi havisikiki.

Nguo haimfanyi mtu kuwa mwindaji halali. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori namba 5 ya mwaka 2009, kuwinda bila leseni ni kosa la jinai, na mapori ya akiba kama Swagaswaga, Mkungunero, Rungwa, Kizigo na Muhesi yana utaratibu wake wa vibali chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Upande wa pili wa mpaka hali ni nyingine: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977.

Kuchagua dukani

Lebo ikishasomwa, mikono na macho humaliza kazi. Mnunuzi ainyooshe fulana mbele ya dirisha au jua. Akiona vidole vyake waziwazi upande wa pili, ni nyembamba mno hata kwa vazi la ndani, itachanika mabegani chini ya mikanda ya begi. Ikiwa uzito umeandikwa, gramu 150 hadi 180 kwa mita ya mraba ni wastani mzuri kwa fulana ya ndani. Zaidi ya 200 itachelewa kukauka na itakuwa nzito ikilowa.

Tone la maji nalo husema kitu. Likidondoshwa juu ya viskosi au pamba isiyotiwa dawa huenea na kuzama haraka, ilhali juu ya poliesta ya kawaida hukaa kama shanga kwa muda. Kwa kitambaa cha mitumba kisicho na lebo, uzi mmoja uliochomolewa kwenye pindo unaweza kuchomwa: viskosi na pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu jepesi, poliesta na nailoni huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Jaribio hili halitasema kama ni mwanzi, kwa sababu iliyokwisha kuelezwa, lakini litafichua uongo mkubwa zaidi.

Mshono uangaliwe mabegani na kwapani. Mshono bapa haukwaruzi chini ya begi la maji. Mshono uliosimama utachubua ngozi kufikia mchana. Elastani iwe kidogo, asilimia tano au pungufu. Fulana isiyo na mikono haifai, kwa kuwa kamba ya bunduki itakaa juu ya ngozi tupu.

Soksi za mwanzi ni jambo jingine. Ni laini, lakini zikilowa hulegea na kujikunja ndani ya buti, na mkunjo huo huzaa malengelenge. Zenye nailoni ya kutosha kisiginoni na vidoleni hustahimili. Kwa mwendo mrefu soksi nyembamba za sufu ni bora zaidi, ingawa kwa mtu wa Dodoma wazo la sufu mwezi Oktoba huchekesha mpaka alijaribu.

Bei ya fulana ya mwanzi kwa kawaida huzidi ile ya fulana ya pamba ya uzito uleule. Mwenye fulana nzuri za pamba, pana na zisizo nene, hatapoteza mengi akibaki nazo. Anayetoka jasho jingi, anayepata vipele vya joto, au ambaye ngozi yake huchubuka kwa pamba ngumu ndiye atakayeona thamani ya tofauti hiyo.

Utunzaji

Viskosi ifuliwe kwa mikono, maji ya baridi, bila kusugua kwa brashi wala kukamua kwa kusokota, maana ndipo inapokuwa dhaifu. Isitiwe jiki. Mwindaji aepuke pia sabuni za unga zenye dawa ya kung'arisha: dawa hizo hurudisha mionzi ya urujuanimno kama mwanga wa buluu, rangi ambayo wanyama waliotajwa huiona vizuri, na shati la kaki lililofuliwa kwazo mara nyingi hung'aa kuliko linavyoonekana kwa mwenyewe. Sabuni ya kipande isiyo na manukato inatosha. Nguo ianikwe kivulini ikiwa imelazwa, kwa sababu ikining'inizwa imejaa maji hurefuka. Kwa upepo wa Nzuguni wakati wa kiangazi haichukui muda kukauka.